Siku Moja na Nusu: Ushahidi wa Matembezi ya 1737 kule Pennsylvania

Kwenye nakala ya hati ambayo familia ya Penn iliitegemea kudai ardhi ya Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware, kuna pengo. Hati inaanza vizuri tu. Mpaka unaanzia kwenye mti mmoja kando ya mto Delaware, upande mwingine unashikwa na kijito cha Neshaminy, kisha eneo linaingia msituni "kadiri mtu awezavyo kwenda kwa siku moja na nusu". Kutoka hapo mpaka unarudi mtoni. Unarudi kwa upande gani? Hapo mwandishi aliacha nafasi tupu, akaruka, akaendelea na maneno "hadi mto Delaware uliotajwa".

Aliyewahi kukaa kwenye kesi ya mpaka wa shamba anaiona hatari hiyo kabla hajafika mwisho wa ukurasa. "Kutoka mwembe ule mpaka bondeni" si kipimo kibaya, maana mwembe upo, bonde lipo, na wazee waliokuwepo siku ya makubaliano huenda bado wapo. Lakini "kadiri mtu awezavyo kwenda"? Mtu gani? Kijana au mzee? Amebeba mzigo au yuko mikono mitupu? Na akifika, anageukia wapi?

Majibu ya maswali hayo yaligharimu takriban maili za mraba 1,200. Kisa chenyewe kinajulikana Marekani kama Ununuzi wa Matembezi, na kinasimuliwa mara nyingi kama hadithi ya wajanja na wajinga. Mimi nimevutwa na kitu kingine: maneno ya watu waliokuwepo njiani, yaliyochukuliwa miaka 20 baadaye na kuandikwa. Ushahidi huo ni mzuri kuliko ushahidi mwingi wa kesi za ardhi, na bado haukumrudishia mtu hata ekari moja.

Kwanza, nani alikuwa anataka nini. William Penn alipewa koloni la Pennsylvania na mfalme wa Uingereza mwaka 1681. Kwa hesabu za Ulaya ardhi ilikuwa yake tangu siku hiyo, lakini yeye alikuwa na desturi ya kuinunua tena kwa wenyeji kabla ya kuwapa walowezi, na desturi hiyo ilimjengea heshima kwa Walenape. Alifariki mwaka 1718. Wanawe, John, Thomas na Richard, walirithi koloni pamoja na madeni. Thomas aliwasili mwaka 1732, na mtu aliyemtegemea ni James Logan, katibu wa zamani wa baba yake. Logan naye hakuwa mtazamaji tu: alikuwa na hisa katika tanuri la chuma la Durham, kando ya mto Delaware, na tanuri la chuma hula msitu kwa kasi. Ardhi iliyotakiwa ilikuwa kaskazini, kwenye eneo ambalo mto Lehigh unaungana na Delaware, penye mji wa Easton siku hizi. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa imeshaanza kuuzwa kwa watu wakubwa wa Philadelphia, akiwemo William Allen, kabla Walenape hawajaulizwa. Yaani mali ilishapelekwa sokoni huku mwenyewe yumo ndani ya nyumba.

Katika vikao vya 1734 na 1735 Logan alitoa karatasi aliyosema ni ya mwaka 1686. Haikuwa hati halisi, ilikuwa nakala. Halisi haikupatikana wakati ule na haijapatikana tangu hapo. Wanahistoria wengi wanaona kwamba mwaka 1686 kulikuwa na mazungumzo ambayo hayakumalizika, na kwamba nakala ile ni rasimu yake. Kiongozi mmoja wa Walenape, Nutimus, alikataa kuitambua. Logan akajaribu njia nyingine: akamwambia kwamba yeye Nutimus alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa New Jersey, kwa hiyo hana haki upande huu. Kumbukumbu zinasema Nutimus alimuuliza Logan yeye mwenyewe amepataje haki hapa, ikiwa hakuzaliwa nchi hii hata kidogo. Logan alikuwa mzaliwa wa Ireland.

Jambo la mwaka 1735 ambalo mimi naliona zito kuliko yote ni hili: wakati mazungumzo yakiendelea, watu wa familia ya Penn walifanya matembezi ya majaribio kwa siri. Timothy Smith, ambaye alikuwa sherifu wa kaunti ya Bucks wakati wa matembezi yenyewe, na mpima ardhi John Chapman walihusika. Walitaka kujua mtu anaweza kufika wapi, na njia ipi inafaa. Muuzaji anaambiwa "tutatembea tuone", mnunuzi ameshatembea na ameshaona. (Mwaka huohuo John Penn aliagiza wazee wawili wa Kilenape, Lappawinsoe na Tishcohan, wachorwe picha na Gustavus Hesselius. Picha hizo zipo mpaka leo.)

Mwaka 1736 Logan aliziba mlango wa nyuma. Alipata kutoka kwa Mataifa Sita ya Iroquois, wenye nguvu kuliko Walenape, karatasi ya kuachia madai yoyote waliyokuwa nayo kwenye ardhi ya mto Delaware kusini mwa safu ya milima ya Blue Mountain. Ardhi haikuwa yao, lakini karatasi hiyo iliondoa kimbilio la Walenape. Tarehe 25 Agosti 1737, Philadelphia, Nutimus, Lappawinsoe, Tishcohan na Manawkyhickon waliweka alama zao kwenye hati ya kuthibitisha ile ya 1686. Walionyeshwa mchoro wa ramani. Mto ulioandikwa kama tawi la magharibi la Delaware ulikuwa umechorwa pale ambapo mtu wa Kilenape angetegemea kuona kijito cha Tohickon, na wanahistoria wengi wanaamini hivyo ndivyo wazee walivyouelewa: kwamba wanathibitisha ardhi ya kusini mwa Tohickon, ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa imeshakaliwa na walowezi. Hawakusoma Kiingereza. Walisoma mchoro, na mchoro ndio uliowaangusha.

Tuje sasa kwa mashahidi.

Tarehe 19 Septemba 1737, jua linachomoza, watembeaji watatu waliondoka Wrightstown kutoka kwenye mti wa chestnut: Edward Marshall, James Yates na Solomon Jennings. Atakayefika mbali zaidi aliahidiwa pauni 5 na ekari 500. Walikuwa watu wa msituni waliochaguliwa, si mtu wa kawaida anayekwenda kumsalimu shemeji. Joseph Knowles, aliyekuwepo, alieleza mwaka 1757 kwamba alikwenda siku kadhaa kabla "kubeba mnyororo na kusaidia kusafisha njia", kama alivyoelekezwa na mjomba wake, Timothy Smith. Siku ya safari alibeba chakula, vinywaji na matandiko. Sentensi hiyo moja inamaliza ubishi mwingi. Njia ilifyekwa kabla, kwa mnyororo wa mpimaji. Watembeaji hawakubeba chochote. Na anayesema hivyo ni mpwa wa sherifu, si adui wa familia ya Penn aliyetoka mbali.

Knowles anasema walifika kwenye makutano ya mito, kwa kumbukumbu yake, saa saba mchana. Kuanzia hapo wenyeji walioandamana nao wakaanza kununa na kunung'unika kwamba watu wanakwenda kasi mno. Mchana ule waliwapigia kelele mara kadhaa: "Mnakimbia, hiyo si haki, mlitakiwa kutembea." Watembeaji hawakujali, na Smith na wenzake wakawahimiza waendelee mpaka jua lizame. Usiku walilala msituni, karibu na kijiji cha Walenape. Asubuhi, mvua ikinyunya, wakaanza tena kwa kufuata saa walizobeba. Wawili kati ya wenyeji watatu wa jana walikuja, wakatembea nao maili mbili tatu, kisha wakawaacha wakiwa wamechukizwa sana. Safari iliendelea mpaka saa sita mchana.

Shahidi wa pili, Thomas Furniss, alikuwa jirani wa Yates huko Newtown. Aliwafuata akiwa juu ya farasi kwa sababu ya udadisi tu wa ujana, na anasema hivyo waziwazi. Ushahidi wake ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu anakumbuka viatu. Anasema kabla hawajafika kijito cha Durham, ambako walikula chakula cha mchana, mmoja wa wenyeji alisema matembezi yalipaswa kufuata mto, kisha akalalamika kwamba viatu vyake vya ngozi havifai safari hii, na kwamba alitegemea Thomas Penn angemzawadia viatu. Wenye farasi wakaona aibu, au huruma, wakashuka na kuwapandisha wenyeji kwa zamu. Hata hivyo, saa chache kabla ya jua kuzama, wenyeji waliwaacha. Walikuwa wamemwita Marshall mara nyingi na kumkataza kukimbia. Walipoagana walisema hawaendi tena, kwa kuwa wanaona watembeaji watapita ardhi yote nzuri, basi hawajali tena wanakwenda wapi wala umbali gani.

Kisha Furniss anatupa tukio ambalo hakuna wakili angeweza kulitunga. Jua limeshazama, wanatembea katika giza la magharibi ili kutimiza saa 12. Sherifu Smith ameshika saa mkononi, watembeaji wanapanda mwinuko, naye anawahesabia dakika zilizobaki na kuwaambia wakaze. Wakakaza. Mara tu aliposema muda umekwisha, Marshall akaukumbatia mti mchanga asianguke. Sherifu akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba amekaribia kwisha, na kama angesogea hatua chache tu mbele angeanguka.

Mtu anayetembea hakumbatii mti.

Wakili wa upande wa Penn angeinuka hapa, na ana la kusema. Mashahidi hawa hawakubaliani. Knowles anataja wenyeji watatu, Furniss anataja wawili. Furniss anasema waliondoka mchana wa siku ya kwanza na asubuhi wakakataa kuendelea, ingawa anaamini baadhi walikuja, wakapiga funda la kilevi na wengine, kisha wakatawanyika kwenda kuwinda. Knowles anasema wawili walitembea maili mbili tatu. Furniss hana hata uhakika wa tarehe: anasema ilikuwa mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba.

Kwangu tofauti hizo ni dalili nzuri. Watu wawili waliofundishwa la kusema hukubaliana hata idadi ya vikombe. Hawa wanakubaliana kwenye yale ambayo mtu hasahau (kelele za "mnakimbia", ngoma ya usiku kijijini, kulala msituni, mwendo kuhesabiwa kwa saa) na wanatofautiana kwenye yale ambayo kumbukumbu ya miaka 20 huyachanganya. Hata suala la tarehe lina maelezo yake. Uingereza na makoloni yake walibadili kalenda mwaka 1752 kwa kuruka siku 11. Tarehe 19 Septemba ya kalenda ya zamani ni tarehe 30 Septemba kwa kalenda mpya, ambayo Furniss alikuwa akiitumia alipotoa maelezo yake. Kwa hesabu hiyo alikumbuka vizuri kabisa.

Upande wa pili una shahidi wake mzito: Nicholas Scull, aliyekuwepo njiani na ambaye mwaka 1757 alikuwa mpima ardhi mkuu wa koloni. Yeye alithibitisha kwamba Yates na Marshall walitembea saa 18, hawakukimbia, na kwamba umbali haukuzidi maili 55. Masimulizi mengine yanataja maili 65 hivi. Scull alikuwa ofisa wa serikali ileile iliyokuwa ikilaumiwa, na hilo lazima liwekwe kwenye mizani. Lakini tusimtupe. Maili 55 kwa saa 18 ni kama kilomita 5 kwa saa. Ukiweka rula kwenye ramani ya leo kutoka Wrightstown hadi mji wa Jim Thorpe, karibu na pale Marshall alipoishia, mstari mnyoofu una takriban kilomita 90, sawasawa na hesabu ya Scull. Njia ya miguu bila shaka ilikuwa ndefu kuliko mstari, lakini hata maili 65 ni mwendo wa haraka wa mtu mkakamavu. Si lazima uwe mbio.

Ndiyo maana naona waliojenga hoja yote juu ya neno "kukimbia" walichagua uwanja mbaya. Ukibishana kama alikimbia au alitembea, umeshakubali kwamba kipimo ni uwezo wa mapafu ya Marshall. Swali lilikuwa tofauti: wauzaji na wanunuzi walipotamka "siku moja na nusu", walimaanisha nini? Lipo simulizi la baadaye linalompa Lappawinsoe maneno kwamba walipaswa kutembea kando ya mto, wakienda maili chache, wakae chini, wavute kiko, mara mojamoja wapige kindi, badala ya kukimbia, kukimbia kutwa nzima. Simulizi hilo limekuja kwa mkono wa pili na sitalitegemea kama ushahidi. Lakini maana yake inalingana na malalamiko ambayo Furniss aliyasikia kwa masikio yake siku yenyewe: njia ilitakiwa ifuate mto. Siku moja na nusu ilikuwa safari, yenye kula, kupumzika na kuongea. Kwa Smith ilikuwa saa 12 kamili, ukiongeza saa 6 kamili, zikihesabiwa kwa mashine.

Na sisi tunaosema saa kumi na mbili jua linapochomoza tunaelewa upesi kwa nini sherifu alisubiri macheo ndipo aanze kuhesabu. Mchana wa siku zile, karibu na usiku na mchana kulingana, ni saa 12 barabara. Furniss anasema walilazimika kumalizia gizani. Yaani hata mapumziko ya chakula yalifidiwa jioni.

Jennings aliachia njiani siku ya kwanza. Yates alianguka siku ya pili, na masimulizi ya eneo lile yanasema hakuishi siku nyingi. Marshall peke yake alimaliza, saa sita mchana tarehe 20.

Turudi kwenye pengo. Watu wengi wanakumbuka mbio na kusahau pengo, kumbe pengo ndilo lililobeba ardhi kubwa. Kutoka alipoishia Marshall, mpaka ulitakiwa kurudi kwenye mto Delaware. Njia fupi ingeelekea mashariki au kusini mashariki. Wapimaji wa familia ya Penn, wakiongozwa na Benjamin Eastburn, hawakuchukua njia fupi. Walichora mstari wa pembe mraba na ule wa matembezi, ukaelekea kaskazini mashariki, ukafika mtoni karibu na Lackawaxen. Mto Delaware hapo juu unajikunja kuelekea kaskazini, kwa hiyo kila maili Marshall aliyokwenda kaskazini magharibi ilimtenga zaidi na mto, na pembe mraba ikazidisha tofauti. Kuupima mstari huo tu kuliwachukua siku nne. Hapakuwa na mwenyeji wa kusema "mnakimbia", kwa sababu hapakuwa na mwenyeji kabisa. Kama ningekuwa wakili wa Nutimus, ningeacha miguu ya Marshall na ningeshika rula ya Eastburn.

Furniss ana kipande kimoja zaidi, cha safari ya kurudi. Yeye na sherifu walitangulia kidogo juu ya farasi wakikaribia kijiji. Wakamwona mwenyeji mmoja akichukua bunduki, akasogea, akajiweka nyuma ya gogo lililokuwa kando ya njia. Sherifu akamuuliza Furniss anadhani yule ana nia gani. Furniss akajibu anatumaini si mbaya, bora waendelee. Yule mtu alipoona hawasimami akainuka, akatembea mbele yao mpaka kijijini. Furniss anasema walishtuka kwa sababu moja: kila mmoja katika msafara alijua wenyeji hawakuridhika, na waliliongelea hilo njia nzima ya kurudi. Anaongeza kwamba dhuluma ya matembezi, ya njia iliyofuatwa na ya namna yalivyofanywa, ilikuwa gumzo la majirani kwa muda mrefu. Kisheria huu ni ushahidi wa kujua. Siku ileile waliokuwa upande wa mnunuzi walijua muuzaji anapinga, na walijua kwa nini.

Walenape walikataa kuhama. Mwaka 1742 serikali ya Pennsylvania iliwaita Iroquois, na msemaji wao Canasatego akawakemea Walenape hadharani Philadelphia, akawaambia kwamba walishashindwa na kufanywa wanawake, hawana haki ya kuuza ardhi, na waondoke kwenda Shamokin au bonde la Wyoming, humohumo Pennsylvania. Aliyekuwa na karatasi ya 1736 mkononi alijua alichokuwa akilipia.

Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipoifikia Pennsylvania mwaka 1755 baadhi ya Walenape waliishambulia mipaka ya Pennsylvania. Novemba 1756, huko Easton, gavana William Denny alimuuliza kiongozi wao Teedyuscung chanzo cha ugomvi. Akapiga ardhi kwa mguu na kusema ardhi hiyohiyo aliyosimama ilikuwa yake na urithi wake, na imechukuliwa kwake kwa udanganyifu. Alipoulizwa udanganyifu ni nini, alitoa mfano: mtu mmoja ananunua ardhi na kupewa hati, anakufa, kisha watoto wake wanatengeneza hati nyingine inayofanana, wanaweka majina yaleyale, na kuchukua ardhi ambayo haikuuzwa. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji.

Hapa ndipo ushahidi wa Knowles, Furniss, Marshall na Scull ulipozaliwa, na ni lazima tuseme ulizaliwa kwa ajili ya nani. Serikali ilikusanya wa kwake. Waquaker, wale Marafiki ambao kizazi cha baadaye kilifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walikusanya wa kwao wakiongozwa na mfanyabiashara Israel Pemberton. Waquaker walitaka amani kwa dhati. Walitaka pia kuiaibisha familia ya Penn, mpinzani wao kwenye bunge la koloni. Mwalimu Charles Thomson, aliyekuwa karani wa Teedyuscung kwenye kikao cha 1757, alichapisha maelezo hayo London mwaka 1759. Hata Marshall ana uchungu wake: alilalamika kwamba ekari 500 hakupewa, na mwaka 1757 mkewe aliuawa katika mashambulizi ya Walenape. Kwa hiyo kila shahidi ana kamba inayomvuta. Ukizitazama kamba zote, utaona hazivuti upande mmoja, na bado maneno ya "mnakimbia" na njia iliyofyekwa yanabaki palepale.

Shauri lilifika London, likarudishwa kwa Sir William Johnson, mtu wa mfalme kwa mambo ya wenyeji, naye akalisikiliza Easton mwaka 1762. Teedyuscung aliomba awe na karani wake mwenyewe. Alikataliwa. Kikao kiligeuka malumbano kati ya Johnson na Waquaker, na mwishowe Teedyuscung akaondoa dai la kughushi. Mwaka uliofuata aliteketea ndani ya nyumba yake iliyochomwa moto huko Wyoming.

Kesi ilifika mahakamani, kwa maana ya jengo na hakimu, mwaka 2004. Taifa la Delaware, yaani Walenape wenye makao Oklahoma siku hizi, lilishtaki jimbo la Pennsylvania na wengine, likidai ekari 314 tu katika kaunti ya Northampton, mahali palipowahi kuwa pa mkalimani wa Kilenape, Moses Tunda Tatamy. Majaji wa rufaa walitoa uamuzi mwezi Mei 2006. Hawakusema Furniss alidanganya. Hawakusema njia haikufyekwa. Walichukulia, kwa ajili ya hoja, kwamba udanganyifu ulifanyika kama walalamikaji walivyosema. Kisha wakaeleza kwamba Thomas Penn alikuwa na mamlaka ya kitawala ya kufuta haki ya asili ya wenyeji juu ya ardhi, kwamba namna alivyoifuta, hata kama ilikuwa kwa hila, si jambo ambalo mahakama inaweza kulichunguza, na kwamba sheria ya shirikisho ya 1790 ya kulinda ardhi za wenyeji ilikuja baadaye mno. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa mwishoni mwa mwaka huo.

Kwenye sehemu ya ekari hizo 314 kuna kiwanda cha kalamu za rangi za watoto.